Wikiendi Mji Mkongwe: mwongozo kamili wa kununua kazi za mikono za Unguja

Pita mtaa wa Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe, utaona twiga wa mbao waliopangwa kwa kimo, vinyago vya Kimakonde, picha za Tingatinga, sahani za mawe ya Kisii na shanga za Kimasai. Vitu vizuri, na wanaoviuza wanatafuta riziki kama wengine. Lakini asili yake si Unguja. Uchoraji wa Tingatinga ulianzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga. Mawe yanatoka Tabaka, Kenya. Na vinyago vingi vilipakiwa botini vikitokea Mwenge, Dar es Salaam, kwa hiyo mgeni wa Kinondoni anayenunua kinyago hapa anakirudisha kwao, safari hii akiwa amekilipia nauli mara mbili.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka bara kwa siku mbili na anataka kurudi na kitu kilichosukwa, kilichoshonwa au kuchongwa huku, kwa bei inayomwacha hata aliyekitengeneza na kitu mkononi.

Chagua wikiendi yako

Masika, yaani Machi hadi Mei, yaache. Vichochoro hutuama maji, baadhi ya maduka hufungwa, na bidhaa za ukindu hushika unyevu hata zikiwa dukani. Kuanzia Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nzuri, kipupwe kimeingia, ila upepo wa kusi huivuruga bahari na boti hurukaruka. Desemba hadi Februari ni kaskazi: bahari imetulia zaidi, joto kali, watalii wengi, na wauzaji hawana haraka ya kukupunguzia. Mimi wageni wangu huwaambia waje Septemba au Oktoba.

Februari kuna Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Ngome Kongwe. Ukitaka muziki, njoo, lakini weka chumba mapema. Ukitaka kununua kwa utulivu, kwepa wikiendi hiyo. Ramadhani ina utaratibu wake. Mchana hutakula hadharani na migahawa mingi imefungwa, ila usiku Darajani na Mchangani hufurika watu wanaojiandaa na Idi. Kofia na kanzu hupanda bei katika siku hizo za mwisho, basi kama unataka kofia, nunua kabla ya mfungo.

Jambo moja zaidi kwa watakaokwenda shamba, yaani nje ya mji, Jumapili: tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari hupwa sana, ndiyo bamvua, na wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki huwa kazini. Siku za maji mafu utakuta vigingi tu.

Nyaraka na boti

Mtanzania anahitaji kitambulisho: cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti. Kibebe mkononi, usikizamishe ndani ya begi, kwa sababu utakionyesha unapokata tiketi na huenda ukaulizwa tena bandarini. Asiye Mtanzania aje na pasipoti. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa pia kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kufika, na hilo hufanyika mtandaoni.

Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na za mwanzo huondoka saa moja asubuhi. Tiketi kata kwenye tovuti ya kampuni au dirishani kwao. Wapo watu wa mtaa wa bandari watakaokukimbilia wakisema dirisha limefungwa, nafasi zimekwisha, wao wanazo mbili. Wapite. Kata tiketi ya kurudi siku hiyohiyo, na iwe ya Jumapili alasiri, maana boti za jioni ya Jumapili hujaa.

Kama bahari hukusumbua, kaa ghorofa ya chini, katikati au nyuma, kule ambako mtikisiko ni mdogo. Kula kitu kikavu kabla ya kuondoka, tafuna tangawizi, tazama upeo wa macho, achana na simu.

Ukiweza, vuka Ijumaa jioni ulale Unguja. Jumamosi ndiyo siku yako ya soko na haina nusu ya kupoteza. Ijumaa yenyewe usiitegemee kwa manunuzi, kwani mchana maduka hufungwa kwa ajili ya sala na mengine hayafunguliwi hadi alasiri.

Chumba, pesa, mavazi

Malindi na Mkunazini zina nyumba za wageni za bei ya wastani, Shangani ni ghali zaidi, na nje kidogo, Michenzani na Kikwajuni, utapata vyumba vya bei ya kawaida ambavyo watalii hawavijui. Uliza maji, feni na chandarua. Baadhi ya nyumba huwauliza wenza cheti cha ndoa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Alfajiri utaamshwa na adhana kutoka pande zote, misikiti imejaa kila kona.

Maduka makubwa hupokea kadi na pesa za simu. Bibi anayeuza vipepeo hapokei kadi, na kumpa noti ya elfu kumi kwa kitu cha elfu mbili ni kumpa kazi ya kuzunguka mtaa mzima kutafuta chenji. Vunja pesa mapema.

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Huu ni mji wa watu wanaoishi, wanaosali na kulea watoto humo humo. Mfuko wa kubebea mizigo uje nao. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar miaka mingi kabla ya bara kufanya hivyo Juni 2019, na kikapu chako kitakuonyesha kuwa mnunuzi wa kweli.

Jumamosi asubuhi: tembea, usinunue

Sheria ya asubuhi ni moja: mkoba wa pesa haufunguliwi mpaka adhuhuri. Unazoesha jicho na unakusanya bei.

Anzia bandarini Malindi, ufuate barabara ya Mizingani na bahari ikiwa kulia kwako. Papasi, wale vijana wanaowaandama watalii, watakuja kwa Kiingereza. Wajibu kwa Kiswahili, salamu kamili mpaka habari za nyumbani, kisha endelea na njia. Wataona hapana biashara.

Kituo cha kwanza ni Dispensari ya Kale, jengo lililokamilika mwaka 1894 na ambalo roshani zake za mbao zimechongwa kama lesi. Simama hapo dakika kumi. Tazama kina cha mchongo, jinsi kingo zilivyo safi, jinsi ua moja linavyofanana na jingine bila kuwa nakala yake. Baadaye, mtu akikuonyesha sanduku lililokwaruzwa juujuu na kuliita la kuchongwa, utakuwa na cha kulinganishia.

Utapita Mti Mkubwa, kisha jumba la makumbusho la Kasri, halafu Beit al-Ajaib. Jengo hilo alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mbele kidogo ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani walipokwisha kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Ndani ya uwanja wake kuna vibanda vya kazi za mikono. Ingia, zunguka, uliza bei, andika kwenye simu. Wanawake wanaopaka hina nao hukaa humo. Hina ya kahawia haina neno, lakini piko nyeusi ikataeni, hasa kwa watoto, kwa sababu huchanganywa na rangi ya nywele na huweza kubabua ngozi vibaya.

Toka kwa nyuma uingie Gizenga, pandisha hadi Hurumzi. Hapa ndipo mahali pa kutazama milango. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ile yenye upinde juu ni ya mitindo na nyakati tofauti. Tafuta minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu, samaki chini karibu na sakafu, mayungiyungi, na njumu za shaba zilizochongoka ambazo mtindo wake ulitoka India. Kisha shuka Mkunazini. Lile kanisa la Kianglikana lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Lipe nusu saa yake, na wakati huo simu iwe mfukoni.

Malizia Darajani, kwenye jengo la soko la mwaka 1904, na Mchangani iliyo jirani. Watalii hufika Darajani kupiga picha za samaki na viungo. Wewe tafuta wanaouza vitu vya jikoni: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, ungo, kawa la kufunikia chakula, pakacha. Hivi vimetengenezwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa Kizanzibari, na mama wa Kizanzibari hapokei kazi mbovu. Kama kuna zawadi moja ninayoipigia debe ni kifumbu. Ni rahisi, chepesi, kimesukwa kwa mkono, na hakuna mtalii anayekigusa.

Jua unachokishika

*Kazi za ukindu na miyaa.* Mikeka laini, misala ya kusalia, kawa za rangi na mikoba mingi ya nakshi husukwa kwa ukindu, majani machanga ya mkindu. Hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa juani, huchemshwa pamoja na rangi, hukaushwa tena, kisha huchanwa nyuzi nyembamba. Msukaji anasuka ukili, utepe mrefu wa nakshi, mita baada ya mita, na ukili huo ndio unaoshonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa mkeka. Miyaa ni majani magumu zaidi, na kazi yake ni majamvi, makanda na vikapu vya kwenda sokoni.

Ukishika mkeka, ugeuze. Upande wa chini hausemi uongo. Tazama ukili una upana gani: ukiwa mwembamba na wenye nyuzi nyingi, siku za kusuka ni nyingi na bei ya juu ina sababu. Vuta mshono kwa vidole viwili, taratibu. Usifunguke wala kuonyesha mwanga. Lowesha kidole ufute sehemu nyekundu au ya zambarau. Ikiwa kidole kimechafuka sana, rangi haikuchemshwa ikakolea, na msala huo utamwachia mtu alama kwenye paji la uso. Nusa. Ukindu mkavu unanukia nyasi. Ukinusa ukungu, rudisha. Plastiki hainuki kitu na inateleza, na mikeka ya plastiki ya kiwandani ipo tele.

Kwa mkoba, tazama mikanda ya kubebea. Mikanda iliyoshonwa kwenye ukingo wa juu pekee itang'oka ukiweka nazi nne. Inayopita ubavuni hadi chini ya kitako itadumu. Ndani kama kuna bitana, iinue kidogo uone ukili wenyewe umemalizwaje.

*Kofia.* Kofia ya mkono, ile ya viua, ni kazi ya sindano na subira: vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka nakshi itimie. Nyingine huchukua miezi, mtu anashona barazani baada ya alasiri akimaliza shughuli zake. Pemba ina washonaji hodari sana. Ya mashine ina nafasi yake na bei yake, ila usiuziwe kwa bei ya mkono. Igeuze ndani. Kwenye kofia ya mashine uzi unakimbia kutoka ua hadi ua bila kukatika, na maua yamefanana kupita kiasi. Kwenye ya mkono kila kitundu kina mwisho wake na utaona tofauti ndogondogo. Pima kichwani, maana kofia haina mfano wa moja kwa wote, na uliza ilivyotiwa wanga, kwa kuwa utairudia kazi hiyo nyumbani kila uifuapo.

*Mbao na njumu.* Masanduku ya njumu ndiyo fahari ya mafundi wa hapa, makubwa ya kuwekea nguo za bibi harusi na madogo ya vito. Nenda na sumaku ndogo, hata iliyotoka kwenye spika mbovu. Shaba haishikwi na sumaku. Njumu ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi, na baada ya masika mbili kitaota kutu na kuidondoshea mbao madoa. Fungua kifuniko mara tano. Bawaba zisilie wala kifuniko kisiyumbe. Chunguza pembe za chini na ndani ya droo kama kuna vitundu na unga laini: huyo ni bungua, na ukimchukua utamkaribisha kwenye makabati yako yote.

Ukiambiwa ni mpingo, futa chini yake kwa kitambaa cheupe chenye maji. Weusi ukihamia kwenye kitambaa, ni mbao nyeupe iliyopakwa kiwi. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini. Na sanduku jipya si aibu. La aibu ni jipya lililokwaruzwa kwa makusudi likauzwa kuwa la babu.

*Kanga.* Kanga haifumwi Unguja, lakini hakuna mji unaoijua kuliko huu, na Mchangani ndipo wanapouziwa wenyeji. Nunua doti, yaani vipande viwili visivyokatwa. Soma jina kabla ya kulipa, usome mara mbili. Utakayempa atasoma pia, na kumpelekea mkweo kanga ya mafumbo ni kujitafutia kesi. Inyanyue juu kwenye mwanga uone ufumaji ulivyokaza, kisha isugue: kanga ngumu huenda ni dondo tupu, yaani wanga, na ikifuliwa itabaki nyepesi kama chandarua.

*Viungo na manukato.* Karafuu ya wakulima hununuliwa na serikali peke yake kupitia ZSTC, shirika lake la biashara, na magendo ya karafuu ni kosa. Paketi yenye lebo kutoka dukani haina tatizo. Bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha, mafuta yaonekane. Hiliki ichague ya kijani na iliyojaa. Vikapu vidogo vya viungo vilivyofungwa nailoni vinapendeza, ila mara nyingi mdalasini wake ulishakufa harufu, kwa hiyo nunua wa kupimiwa. Zafarani hailimwi Zanzibar, na inayouzwa kwa bei ya kutupa si zafarani. Chetezo cha udongo na udi wa kupikwa na wanawake wa mtaani, hivyo vichukue bila kusita.

*Vya kuviacha.* Makombe makubwa ya bahari, matumbawe na chochote cha gamba la kasa. Kasa analindwa kisheria, na kwenye uwanja wa ndege unaweza kunyang'anywa na kufunguliwa kesi juu yake. Vilevile milango ya kale na vipande vilivyobanduliwa kwenye nyumba: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila mlango unaouzwa ni nyumba iliyobaki na pengo. Fundi atakuchongea mpya kwa kipimo chako.

Alasiri: rudi na ununue

Kati ya saa saba na saa tisa mchana duka nyingi hufungwa au muuzaji huwa amelala ndani. Kula, pumzika. Rudi alasiri ukiwa na orodha ya asubuhi: kitu gani, duka gani, bei ipi. Ukiuliza kitu kimoja sehemu tatu, tayari unaujua mzani.

Kupatana ni mazungumzo na salamu ndiyo mlango wake. Mtu aliyeingia na "hii bei gani" bila salamu ataambiwa bei ya mtu asiye na salamu. Mwenye umri mkubwa mwamkie shikamoo, wengine kwa salaam aleikum au habari za saa hizi. Kisha uliza kuhusu kazi kabla ya bei. Mfano wa mazungumzo yanavyokwenda:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mikoba hii imesukwa wapi?"

"Ukili watoka Makunduchi, kwa wifi yangu. Mie hapa natia bitana na mikanda."

"Huu mmoja huchukua siku ngapi?"

"Kwa kusuka tu, wiki nzima akiwa hana udhuru. Na mimi siku mbili."

"Na unauzaje, mama?"

Hapo atasema. Usicheke, usishtuke, usiondoke kwa mbwembwe. Fanya hesabu kichwani: gawa bei kwa siku alizokutajia. Jibu likiwa chini ya anacholipwa kibarua wa ujenzi kwa siku, hapo hapana cha kupunguza. Omba upunguziwe mara moja kwa adabu ("nitazame mwanao, nachukua miwili"), akikubali lipa, akikataa lipa au uache. Likiwa juu sana ya hapo, endelea kuzungumza.

Kwa vitu vya jumla, vinyago, bangili za bati na fulana, kanuni ni nyingine. Hivyo havina wiki ya mtu ndani yake kwa muuzaji uliye naye, vina faida ya dukani tu. Anza na nusu, panda polepole, na ukiondoka mara nyingi utaitwa. Ndiyo maana kujua kitu kimetoka wapi kuna thamani ya pesa. Anayepatana kwa ukali uleule kwenye kila kitu anaishia kumbana msukaji na kumwachia mchuuzi.

Ukitajiwa dola, sema "nitajie kwa shilingi". Risiti idai kwa vitu vikubwa, utaihitaji bandarini. Picha za watu omba kwanza, na usimpige bibi anayesuka barazani kisha uende zako bila kununua hata kipepeo.

Usiku ni Forodhani: bustani ya ufukweni, taa, moshi wa mishkaki. Uliza bei kabla ya kuchukua sahani, chagua pweza anayechomwa mbele yako, kunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Urojo, ule wa mchuzi wa manjano wenye bajia, kachori na chipsi za muhogo, mimi naufuata mitaani kwa wanaowauzia wenyeji. Ni mtamu zaidi na nusu ya bei.

Jumapili: toka nje ya mji

Chagua njia moja. Anayejaribu Nungwi na Paje siku moja ataona lami tu. Napendekeza ya kusini mashariki. Daladala ni rahisi na itakupa habari zote za kisiwa, lakini ukiwa na boti ya alasiri, kodi gari mkiwa watatu au wanne na mkubaliane bei, njia na saa ya kurudi kabla ya kufunga mlango.

Kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini ni Jozani, msitu wenye kima punju, ambao asili yao ni Unguja na si kwingine duniani. Kijiji cha Pete kipo papo hapo njiani na wanawake wake husuka na kuuza ukili. Piga hodi, kaa kitako unapokaribishwa, kunywa maji utakayopewa. Hapa utaona rangi zikichemshwa na utauliza maswali ambayo dukani hayana mwenye majibu. Unaweza pia kuagiza: chagua rangi na kipimo, acha malipo ya awali, upelekewe au urudi. Bei hapa usiibane kabisa. Umekwisha kuokoa faida ya dukani.

Mkiwa na muda na ikiwa ni bamvua, endeleeni hadi Paje. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake. Siku hizi mwani haukaushwi tu ukauzwa nje, hutengenezewa sabuni na mafuta hapahapa. Sabuni ya mwani yenye karafuu au mchaichai haivunjiki, haiozi, na ni zawadi ya ofisini isiyokukwaza. Saa sita muwe mmegeuza gari.

Kufunga mizigo na kuvuka

Mkeka ukunjwe kwa kuviringishwa, nakshi ndani, ufungwe kamba sehemu mbili, kamwe usiupinde katikati. Kawa zipachike moja ndani ya nyingine. Chetezo kizungushie kanga, kisha kitie ndani ya mkoba wa ukindu, na hapo vitu vitatu vinakuwa mzigo mmoja. Viungo weka mbali na kofia. Sanduku kubwa lisafirishwe kwa mizigo. Muuzaji huwa anamjua wa kulipeleka bandarini, lakini piga picha pembe zote nne kabla halijatoka dukani.

Fika bandarini saa moja kabla. Mpagazi mkubaliane bei kabla hajagusa kitu. Zawadi za familia kwa kawaida hazina mjadala, ila ukibeba mikoba thelathini ya namna moja forodha watakuona mfanyabiashara, na risiti zako ndizo zitakazoongea.

Ukifika nyumbani, fungua kila cha ukindu siku hiyohiyo ukitandaze penye hewa, kwa sababu mvuke wa bahari umeingia. Mkeka usiufue. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, anika kivulini, jua kali hupausha rangi. Kanga mpya iloweke peke yake maji baridi, dondo litoke, kabla ya kuichanganya na nguo nyingine. Na sanduku la njumu lipake limau na chumvi kwenye shaba, ufute mara moja, mbao zisiloe.